Umefika Ujerumani, sasa nini? Mwongozo wa miezi ya mwanzo kwa mwanafunzi

Kila Septemba simu yangu hainyamazi. Mdogo wake rafiki yangu kapata chuo Leipzig, mpwa wa jirani anakwenda Bayreuth, binti wa mwalimu wangu wa zamani Aachen, na wote wananiuliza maswali yale yale. Nibebe nini? Nikifika nianzie wapi? Mbona watu hawasalimiani? Mbona nimeletewa bili ya redio na redio sina? Nimechoka kujibu kwa sauti za dakika kumi na mbili, kwa hiyo nayaandika yote hapa, mara moja.

Mimi ni mtoto wa Unguja na nilisoma Leipzig. Mambo ya kuomba chuo na viza siyagusi. Nachukulia umeshayamaliza na begi liko mlangoni. Bia na suruali za ngozi utaziona ukitaka, lakini Mjerumani mwenyewe utamkuta kwenye ngazi za jengo mnalokaa, penye mapipa ya taka, na ndani ya kalenda yake. Hatua nyingi hapa chini zinahusu sehemu hizo tatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Faili gumu la matundu mawili, wao wanaliita Ordner, pamoja na kitoboleo chake. Ujerumani bado inaishi kwenye karatasi. Tia humo nakala ya pasipoti, barua ya chuo, uthibitisho wa bima ya afya na wa Sperrkonto (akaunti iliyozuiwa yenye fedha zako za kujikimu), cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo pamoja na tafsiri zake zilizothibitishwa.
- Kalenda, ya simu au ya daftari, na mazoea ya kuitazama.
- Sarafu ya euro 1 isiyotumika. Ni ya kufungulia kikapu cha magurudumu dukani na mara nyingi kabati la mizigo maktabani. Usiinunulie peremende.
- Ndala za ndani, na mfuko wa kitambaa wa sokoni.
- Kanga mbili tatu, karafuu na iliki, kwa zawadi. Nyama na maziwa acha nyumbani; forodha ya Ulaya hairuhusu.
- Sentensi moja ya Kijerumani uijue usingizini, hata kama masomo yako ni ya Kiingereza: *Ich habe einen Termin*, yaani nina miadi.

Koti la baridi usinunue huku. Nunua kule kule, dukani kwa mitumba au kwenye gulio la vitu vikuukuu. Wanaouza wanaijua baridi yao.

Hatua ya 1: Andika jina lako kwenye sanduku la barua

Fanya hivi siku ile ile ya kuingia, hata kabla hujafungua begi. Nyumba nyingi za ghorofa kule hazina namba za milango. Tarishi husoma majina kwenye masanduku ya barua, na barua ambayo jina lake halioni huirudisha ilikotoka. Kadi yangu ya benki ilirudi mara mbili, nikamlaumu kila mtu, kumbe kosa lilikuwa karatasi ya upana wa vidole viwili ambayo sikuibandika. Kipande cha karatasi na gundi ya utepe vinatosha kwa kuanzia. Kengele ya nje nayo iwe na jina. Kama umepangiwa chumba ndani ya nyumba ya mtu, barua ziandikwe jina lako, kisha neno la Kijerumani *bei*, yaani "kwa", na jina la mwenye nyumba.

Hatua ya 2: Jiandikishe makazi

Hii ndiyo Anmeldung, na sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia. Mambo mengine yote yamefungwa kwenye mnyororo huu: ukishajiandikisha ndipo namba ya kodi ya tarakimu 11 inakujia kwa posta, benki nyingi zinakuelewa, na ofisi ya wageni inajua faili lako liko mji gani.

Fuata hivi:

1. Mwombe mwenye nyumba au hosteli fomu ya Wohnungsgeberbestätigung. Ni uthibitisho kwamba unakaa pale kweli. Mkataba wa pango peke yake haukubaliwi.
2. Weka miadi kwenye tovuti ya Bürgeramt, ofisi ya huduma kwa wakazi ya mji wako. Weka hata kabla hujasafiri, ikiwa mji unaruhusu.
3. Nenda na pasipoti, uthibitisho ule, na fomu ya kujiandikisha.
4. Karatasi utakayopewa itie kwenye faili palepale, mbele ya karani. Usiikunje mfukoni.

Tahadhari mbili. Kwanza, fomu itakuuliza dini. Ukijiandika Mkatoliki au Mlutheri, siku utakayoanza kulipa kodi ya mapato utakatwa na kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi kutegemea jimbo. Sikwambii uikane dini yako, nakwambia ujue unachosaini. Pili, anayekwambia "lipa pango la miezi miwili, ufunguo nitakutumia kwa posta" ni tapeli. Hakuna mjadala.

Wiki chache baada ya kujiandikisha itakuja ile bili ya redio. Inaitwa Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi, na inatozwa nyumba, haimtozi mtu. Mkikaa wanne nyumba moja mnalipa moja na kugawana. Itupe kapuni uone itakavyorudi na faini.

Kisha weka miadi ya ofisi ya wageni mapema, kwa ajili ya kibali cha ukaazi. Usingoje viza ibakize wiki mbili.

Hatua ya 3: Zijue saa za chuo, na saa kwa ujumla

Hapa Mswahili hujikwaa mara mbili. Saa za kwetu zinahesabiwa tangu jua kuchomoza, hilo unalijua na utalizoea. Lakini Mjerumani akikwambia *halb neun*, neno kwa neno "nusu tisa", moyo wako utakimbilia tisa na nusu. Siyo. Ni nusu ya kuelekea tisa, yaani 8:30, kwa saa yetu mbili na nusu asubuhi. Nilikosa miadi ya daktari wa meno kwa neno hilo, jino likaniuma wiki tatu nyingine.

Ratiba ya chuo ikiandika 10 c.t., somo linaanza 10:15. Ni robo saa ya wasomi, imetoka enzi za Kilatini. Ikiandika 10 s.t., ni saa nne kamili na mlango unafungwa. Somo likiisha wanafunzi watagonga meza kwa vifundo vya vidole. Usishtuke kama nilivyoshtuka mimi nikadhani wamekasirika. Ndiyo makofi yao. Gonga nawe.

Alama zimepinduliwa: 1.0 ni bora kabisa, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu, 5.0 umeanguka. Mpigie mama simu umweleze mapema, asije akalia kwa furaha mahali pa kulia kwa huzuni.

Kosa kubwa la wageni ni hili: kuhudhuria somo hakukuandikishi kwenye mtihani. Mtihani unajiandikishia mwenyewe, kwenye mfumo wa chuo, kabla ya tarehe fulani. Tarehe ikipita imepita. Hakuna "mwalimu nisamehe". Na mara nyingi majaribio kwa somo moja ni matatu tu, kisha unafutwa kwenye fani hiyo. Wiki ya kwanza ya muhula tafuta kanuni za mtihani za fani yako, uzisome zote, hata kwa kutafsiri mstari kwa mstari.

Kuhusu kubeba boksi: kibali cha mwanafunzi, tangu Machi 2024, kinaruhusu siku 140 kamili za kazi au nusu siku 280 kwa mwaka. Kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo, kwa hiyo zitafute hizo kwanza.

Hatua ya 4: Soma mapipa kabla ya vitabu

Jumapili yangu ya pili nilibeba mfuko wa chupa na mitungi ya vioo hadi kwenye kontena la mtaani. Nilitumbukiza chupa moja, ikavunjika kwa kishindo. Ya pili. Kabla ya ya tatu, dirisha la ghorofa ya pili lilifunguka na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe akanisomea sheria nzima ya nchi, kwa sauti ya upole kabisa. Niliambulia neno moja tu: *Sonntag*. Jumapili. Mkumbuke bibi huyu, atarudi.

Rangi hutofautiana kidogo mji kwa mji, lakini mara nyingi ni hivi:

1. Pipa la njano ni la vifungashio: plastiki, makopo, paketi za maziwa.
2. Pipa la buluu ni la karatasi na maboksi. Boksi lipasue na ulilaze. Boksi zima linalojaza pipa ndiyo njia ya haraka ya kuchukiwa na jengo zima.
3. Pipa la kahawia ni la maganda na mabaki ya mimea. Mfuko wa plastiki usiingie humo hata kwa bahati mbaya.
4. Pipa jeusi au la kijivu ni la yaliyobaki.
5. Vioo vinakwenda kontena la mtaani kwa rangi: vyeupe, vya kijani, vya kahawia. Siku za kazi tu, mchana.

Chupa za vinywaji zina hesabu yake. Chupa ya plastiki au kopo la kutumika mara moja lina amana ya senti 25, chupa ya bia ya kioo senti 8. Zirudishe kwenye mashine ya dukani, chukua risiti, mpe keshia. Usiiminye chupa, maana mashine inasoma alama iliyochapwa ubavuni. Na ukiwa njiani huna haja ya hizo senti, usiitumbukize chupa ndani ya pipa. Iweke chini, pembeni. Yuko mzee au kijana anayezikusanya kwa riziki yake, na kila mpita njia anajua hivyo.

Kelele: kuanzia saa nne usiku hadi asubuhi ni utulivu, na Jumapili ni utulivu kutwa. Hakuna kupiga misumari, hakuna kuvutavuta kabati. Mashine ya kufulia soma kanuni za jengo lako. Karamu ikikulazimu, bandika karatasi mlangoni siku tatu kabla, ukiomba radhi na ukiwakaribisha majirani. Wengi hawaji, lakini hawapigi simu polisi.

Hatua ya 5: Fungua madirisha, hata kwenye barafu

Asubuhi na jioni, dakika tano hadi kumi, dirisha lote wazi na kipasha joto kimezimwa. Sisi tukiona baridi tunajifungia na kupika wali wa nazi chumba kikajaa mvuke. Mvuke ule unakwenda ukutani na kuota ukungu mweusi, na ukungu ule unakatwa kwenye amana yako ya pango. Mikataba mingine inaitaja kazi hii waziwazi. Usiliache dirisha limeinama nusu, kutwa nzima. Unapasha joto barabara, bili unaiona mwishoni mwa mwaka.

Hatua ya 6: Ipangie Jumapili Jumamosi

Maduka yamefungwa. Yote. Ulinzi wa Jumapili umo ndani ya katiba yao, umechukuliwa kutoka ile ya Weimar ya 1919, na haujali kwamba umeishiwa chumvi. Nunua Jumamosi kabla ya jioni. Ukikwama, tanuri za mkate hufungua saa chache asubuhi, na maduka ya ndani ya stesheni kubwa za treni huwa wazi.

Halafu fanya wanachofanya wao: tembea. Baada ya chakula cha mchana familia nzima hutoka kutembea tu, haiendi popote, kisha kahawa na keki mnamo saa tisa, saa kumi. Mwanzo niliona ni upuuzi. Leipzig ina msitu unaopita katikati ya mji, na ilipofika Aprili msitu mzima ukinuka kitunguu saumu cha mwitu kilichoota chini ya miti, nilikuwa nimeshakuwa mtembezi.

Hatua ya 7: Salimu, na ujue Sie na du

Kwetu heshima inafuata umri. Mdogo anaamkia, mkubwa anaitikia marahaba, mambo yamekwisha. Kwao heshima inafuata umbali, na "wewe" ziko mbili: *Sie* ya heshima na *du* ya watu wa karibu. Mtu mzima usiyemjua ni *Sie*, awe na miaka ishirini au themanini. Wanafunzi kwa wanafunzi ni *du* tangu siku ya kwanza. Baina ya wasiolingana, mwenye umri au cheo ndiye anayetoa du, wewe unapokea. Usiianze wewe.

Kwa hiyo:

1. Ukikutana na mtu kwenye ngazi za jengo lenu, mwambie *Guten Tag* au *Hallo*. Usipite kimya.
2. Ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari, salimu chumba kizima. Ukitoka, aga chumba kizima. Hapo wanafanana nasi kabisa.
3. Barabarani kwa wasiokujua, usisalimu. Watadhani unauza kitu.
4. Usingoje habari za nyumbani, za watoto, za tangu jana. Salamu ni moja na inatosha. Hujadharauliwa.

Mwalimu mwandikie barua pepe kwa *Sehr geehrte Frau* (mheshimiwa Bibi) au *Sehr geehrter Herr* (mheshimiwa Bwana), cheo, na jina la ukoo. Akikujibu kwa jina lake la kwanza, umefunguliwa mlango.

Hatua ya 8: Ukialikwa

Mwaliko utachelewa. Ukija, utakuja na tarehe ya wiki tatu mbele, na hiyo tarehe ni ahadi. Saa 19:00 ni saa moja kamili jioni. Kufika kabla nako si vizuri. Mara ya kwanza nililizunguka jengo mara tatu nikingoja dakika nne ziishe.

Kula kidogo kabla ya kwenda. Chakula cha moto kwao mara nyingi ni cha mchana, na jioni ni Abendbrot, mkate wa jioni: mikate myeusi, jibini, matango ya siki, nyama zilizokatwa nyembamba. Mimi nilishinda njaa kutwa nikiingojea pilau, nikaletewa ubao wenye vipande vya mkate na figili. Baadaye niliupenda, hasa mkate mweusi wenye mbegu, lakini usiku ule nilirudi nyumbani nikakaanga mayai.

Kama huli nguruwe, sema siku unapoalikwa: *Ich esse kein Schweinefleisch*. Hawatachukia; watachukia ukiwaachia sahani. Peremende laini nyingi zina jelatini ya nguruwe, soma paketi. Kwenye kantini za vyuo vyakula huwa na alama za viungo. Pombe hakuna anayekulazimisha. Nyanyua glasi yako ya Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, umtazame mwenzako machoni mkigonganisha. Ukitazama glasi watakutania.

Ubebe kitu kidogo: maua, chokoleti, au ile kanga. Vua viatu ukiona wenyeji wamevua.

Tahadhari kubwa: usimpongeze mtu siku yake ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe, hata kwa saa moja. Kwao ni mkosi. Na mwenye siku ndiye anayeleta keki. Ofisini, maabara, darasani, siku yako ikifika bila keki, watu watakutazama kama mtu aliyekula harusi za wenzake na ya kwake akaificha.

Hatua ya 9: Ingia kwenye chama

Ukiruka hatua zote, hii usiiruke. Wageni wengi hulalamika kwamba miaka miwili imepita na hawana rafiki Mjerumani hata mmoja. Ukiwauliza walikuwa wapi Jumanne jioni, walikuwa chumbani. Wajerumani hawakutani kwa kupitiana nyumbani kama sisi. Wanakutana kwenye Verein, chama chenye katiba, mweka hazina, na siku yake maalumu ya wiki. Watu saba wakitosha, wanakisajili. Kuna vyama vya kwaya, vya mpira wa mikono, vya kufuga njiwa, vya kuzima moto kwa kujitolea.

1. Anza na michezo ya chuo, Hochschulsport. Bei ni ya wanafunzi, na kozi maarufu hujaa ndani ya dakika chache za kufunguliwa, kwa hiyo kaa na simu mkononi.
2. Chagua kitu kimoja. Kimoja tu.
3. Nenda kila wiki, kwa miezi mitatu, hata kama hawazungumzi na wewe. Wanakuhesabu.
4. Ikija kazi ya pamoja, kufagia ukumbi au kupanga viti, jitokeze kwanza. Siku ile ndiyo utakayojulikana jina.

Mimi chama changu kilikuwa cha bustani. Leipzig ndipo lilipozaliwa jina la Schrebergarten, kutokana na daktari wa mji huo, Moritz Schreber, ambaye mwenyewe alikufa kabla bustani hazijaanza. Waliomuenzi baadaye ndio waliozipa jina lake. Ni viwanja vidogo nje ya nyumba, kila kimoja na kibanda chake na ua wake. Yule bibi wa ghorofa ya pili alikuwa nacho kimoja, na mgongo wake ulikuwa umemchoka. Aliniuliza kwenye ngazi kama nina mikono ya kazi. Nikasema babu yangu alikuwa mkulima wa karafuu.

Kumbe bustani ile ina sheria kuliko benki. Ua usizidi urefu fulani. Theluthi ya kiwanja ilimwe mboga na matunda, isiwe majani na viti tu. Mchana kuna saa za mapumziko, mashine ya kukata majani marufuku. Kila mwanachama anadaiwa saa kadhaa za kazi ya chama kwa mwaka. Mei nilipanda mchicha pembeni ya viazi vyake. Julai ulikuwa umefika gotini, mnono, nikaanza kuota nazi. Jumamosi moja nikakuta kitalu kiko wazi, kimesawazishwa kwa reki. Bibi alikuwa ameung'oa wote; kwao mchicha wa aina ile huota wenyewe shambani na ni gugu. Alipoelewa alichokifanya alifunika mdomo kwa glavu yenye udongo. Wiki iliyofuata alikuja na kibao cha mti alichokiandika kwa herufi kubwa: MCHICHA. Hapo hapo akanipa mkono, akataja jina lake la kwanza, akanipa du. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu zile chupa mbili.

Hatua ya 10: Fuata miezi

Novemba 11 watoto hutembea na taa za karatasi usiku. Usiku wa kuamkia Desemba 6 viatu huachwa mlangoni vitiwe peremende. Jumapili nne kabla ya Krismasi huwashwa mishumaa, mmoja baada ya mmoja. Kwenye masoko ya Krismasi kikombe kina amana, kirudishe. Asiyekunywa pombe aombe Kinderpunsch, kinywaji cha moto kisicho na kilevi. Jioni ya Desemba 24 ndiyo kiini cha sikukuu: maduka hufungwa mchana, na hosteli inabaki na wageni tupu. Usikutwe peke yako siku hiyo. Panga mapema na wenzako mpike. Kanivali ni ya Köln na Mainz zaidi, huko mashariki wala hutaijua. Mei na Juni kila mtu anakula asparaga nyeupe, na msimu unakoma Juni 24. Oktoberfest huanza Septemba, usicheleweshwe na jina lake.

Hatua ya 11: Watafute waliotutangulia

Usafiri wa bei nafuu upo: tiketi ya Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na imekuwa ikipanda, ina toleo la punguzo kwa wanafunzi wa vyuo vingi. Haipandi treni za kasi, lakini inakufikisha.

Berlin, anza na makumbusho ya viumbe asilia. Yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyesimama ukumbini, kimo chake mita 13.27, ametoka Tendaguru, Lindi. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, na mifupa ilibebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandarini. Kisha nenda Brunnenstraße 193, utazame chini: kuna kijiwe cha shaba cha kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, aliyefundisha Kiswahili Berlin, na kufa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen 1944. Mtaa wa Wedding una Maji-Maji-Allee tangu Agosti 2024; Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea kuomba msamaha. Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, yuko Salme binti Said wetu wa Unguja, aliyeitwa huko Emily Ruete.

Na ukija Leipzig panda tramu hadi Grünau. Mzanzibari akishuka pale atacheka: ni Michenzani, yale maghorofa yetu ya Unguja, imepakwa rangi tofauti. Waliojenga ni Wajerumani Mashariki hao hao. Neno *hela* tumelipata kwa sarafu yao ya Heller, na watu wa bara wakapata *shule*. Sisi Unguja tukabaki na skuli.

Mambo yakikwama

*Miadi haipatikani.* Fungua tovuti asubuhi mapema, nafasi zilizofutwa hurudi. Piga 115, namba ya huduma za serikali. Hifadhi picha za skrini kuonyesha kwamba ulijaribu.

*Nimeletewa barua nisiyoielewa.* Usiiweke juu ya friji. Tafuta neno *Frist*, ndiyo tarehe ya mwisho. Bahasha ikiwa ya njano, tarehe iliyoandikwa juu yake na tarishi ndiyo inayohesabiwa, bahasha usiitupe. Washauri wa Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, husoma barua hizi na wanafunzi kila siku.

*Nimekamatwa bila tiketi.* Faini ni euro 60. Tiketi za karatasi zinazohitaji kugongwa muhuri lazima ugonge kabla ya safari. Kama unayo ya jina lako ila uliisahau nyumbani, ipeleke ofisini kwao baadaye, utalipa kidogo.

*Desemba imenielemea.* Leipzig jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Toka nje mchana, hata kukiwa na mawingu. Ikizidi, Studierendenwerk wana washauri wa nafsi. Si aibu, foleni yenyewe imejaa Wajerumani.

*Nimetukanwa kwa rangi yangu.* Itatokea. Andika siku, saa, mahali, shahidi. Hatari ikiwepo piga 110, namba ya polisi. Vyuo na majimbo mengi yana ofisi za kupinga ubaguzi.

*Nimejifungia nje.* Milango ya kule ukiivuta inajifunga yenyewe, na ufunguo uko mezani. Ukimwita fundi, muulize bei kwenye simu kabla hajaja, na akikataa kuitaja mwite mwingine. Usiku na Jumapili bei hupaa. Dawa ni kumpa mtu wa karibu ufunguo wa akiba. Wangu ulikaa ghorofa ya pili, ndani ya bakuli la sukari.